UKUTA WA MTAA, FUNDI WA SHEMEJI!

Ndugu msomaji, kwenye mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambao leo sitautaja jina, kuna ukuta wenye picha ya mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mkono ulioshika ndoo una vidole sita. Watoto wa shule wamevihesabu, wauza karanga wamevihesabu, na makonda wa daladala siku hizi hawataji tena jina la kituo. Wanapiga kelele tu: "Vidole Sita, wa kushuka ashuke!" Aliyechora alilipwa. Aliyemteua bado anakalia kiti chake. Kijana ambaye wazo lile lilitoka kichwani mwake hakupata hata nauli.

Kijana huyo namfahamu. Ni mchoraji wa mabango ya mtaani. Ukiona mlango wa kinyozi una picha ya kijana mwenye denge safi na miwani myeusi, ukiona kuku anayeng'aa mafuta kwenye kibanda cha chipsi, ukiona maneno ya kuchekesha nyuma ya bajaji, mkono ni wake. Siku moja aliitwa akaambiwa kuna mfadhili anataka kupamba ukuta wa kituo, alete mchoro. Akakesha siku mbili. Akachora kwenye karatasi ya manila foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaa, mama ametangulia, mtoto amelala mgongoni. Akaikunja manila mara nne, akaipeleka kwa miguu. Akaambiwa, "Tutakupigia."

Simu haikulia. Baada ya miezi miwili akakuta jukwaa la miti limesimamishwa, na mtu aliyeshuka kwenye pikapu anachora mchoro wake. Foleni ileile, mama yuleyule, mtoto yuleyule. Kitu kimoja tu kilimshinda mwizi: mkunjo wa manila ulipita juu ya vidole vya mama, penseli ikafutika, naye mnakili akabahatisha. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vidole sita!

Kijana alipokwenda kuuliza alijibiwa: "Kwani mama mwenye ndoo ni mali yako?" Baadaye ikajulikana kwamba mtu wa pikapu ni shemeji wa mmoja wa walioketi kwenye kikao cha kuteua. Kikao chenyewe kilikuwa na watu watatu.

Sasa wewe unayesoma hapa kijiweni unaweza kusema, hilo jambo dogo, mzee, kuna maji hakuna, kuna ajira hakuna, wewe unalia na vidole vya picha. Tusidanganyane. Anayeweza kukuibia ukuta mchana kweupe, watu wote wakipita na kuangalia, atashindwaje kukuibia dawa zilizofungiwa stoo? Ukuta ni darasa la kwanza la ulaji. Wizi wa hapo unaonekana kwa macho, na ukinyamaziwa hapo, kwingine utanyamaziwa vizuri zaidi.

JINSI MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Mchezo huu una hatua zake, na ukizijua utautambua popote.

Kwanza kunatafutwa haraka. Utasikia "muda ni mfupi", "mfadhili anataka ripoti", "mgeni rasmi anakuja mwisho wa mwezi". Miezi kumi fedha zimelala, hakuna anayesema kitu. Zikibaki wiki tatu, ghafla hakuna nafasi ya kutangaza wala ya kuitisha mkutano. Haraka hiyo haikuja kwa bahati mbaya, ndugu yangu. Imetengenezwa na fundi hodari kuliko yule atakayechora.

Pili kunaundwa "kamati". Mwanakamati mmoja ana shemeji, wa pili anamdai huyo wa kwanza, na wa tatu anasaini karatasi zote bila kusoma kwa sababu posho imeandikwa humo humo.

Tatu mtaa unaletewa kazi iliyokwisha. Unaitwa siku ya kukata utepe upige makofi. Ukipiga, wanasema mtaa umeridhia. Ukinyamaza, wanasema mtaa haukupinga. Ukiuliza, unaitwa mpinga maendeleo.

Hebu tujiulize: katika hatua zote hizo, ni wapi ambapo mtu alitazama michoro miwili au mitatu, akailinganisha, akasema huu ndio bora kwa sababu hii na hii? Hakuna! Anateuliwa mtu kwanza, kazi itajulikana mbele ya safari. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe umelinunua wewe.

VICHEKESHO VYA WENYE VYEO

Usidhani ugonjwa huu ni wa mitaa ya walalahoi tu. Wakubwa wanaumwa zaidi, ila wao hufunika kitanda kwa shuka jeupe.

Agosti 2024 mji wa Eldoret kule Kenya ulikuwa unajiandaa kupewa hadhi ya jiji. Rais William Ruto alitoa hati Agosti 15. Eldoret ni mji wa wakimbiaji, dunia nzima inajua. Siku 5 tu kabla, Agosti 10, Faith Kipyegon alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Paris, Olimpiki yake ya tatu mfululizo. Kwa hiyo yakawekwa masanamu ya wanariadha kupamba mji. Wenyeji walipoyaona wakapigwa butwaa. Miguu kama magogo, sura ambazo hata mama mzazi asingeweza kusema huyu ni wangu. Picha zikazagaa kwenye simu, Wakenya wakacheka hadi machozi, na masanamu yakaondolewa upesi. Fikiria: mji unaotoa mabingwa wa dunia umeshindwa kumpata mtu wa kuchonga mguu wa mkimbiaji! Hivi kweli wachongaji hawapo Kenya? Mbona sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa katikati ya Nairobi Februari 2007, ilichongwa na Mkenya, Kevin Oduor, na hadi leo watu wanasimama mbele yake kupiga picha? Wachongaji wapo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kutazama kazi kabla ya kulipia.

Miezi sita kabla ya kichekesho hicho sisi wenyewe tulipata chetu. Februari 18, 2024 ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Heshima kubwa, hakuna anayebisha. Lakini Watanzania wengi walipoiona picha yake swali lilikuwa moja: huyu ni nani? Uso wa Mwalimu tunaujua kwa moyo. Tumeuona kwenye noti, kwenye sarafu, kwenye ukuta wa kila ofisi. Mchoraji wa mabango wa Manzese anakuchorea Mwalimu akiwa amefumba jicho moja. Je, kabla shaba haijamwagwa, kuna Watanzania wa kawaida mia moja walioonyeshwa mfano mdogo wa udongo wakaulizwa "mnamfahamu huyu?" Swali hilo lisingegharimu hata kikombe cha kahawa.

Nenda Senegal. Mwaka 2010 Rais Abdoulaye Wade alizindua mnara wa mwamko wa Afrika mjini Dakar, urefu wa mita 49. Waliopewa kazi ya kuujenga ni Wakorea Kaskazini. Afrika inaamka, lakini anayeiamsha ametoka Pyongyang! Kisha mheshimiwa akatangaza kwamba wazo ni lake, hivyo anastahili asilimia 35 ya mapato ya mnara. Asilimia 35! Shemeji wetu wa vidole sita ni mtoto mdogo.

Na Wazungu nao wasitucheke. Machi 2017 uwanja wa ndege wa Madeira, Ureno, ulipewa jina la Cristiano Ronaldo, na siku hiyo hiyo ikafunuliwa sanamu ya kichwa chake. Wewe mwenye jezi yake umewahi kuiona? Macho yamesogeleana, tabasamu kama la mtu aliyekanyaga msumari. Dunia nzima ikacheka, na mwaka 2018 ikaondolewa, ikawekwa nyingine. Lakini mimi simlaumu fundi yule. Fundi alileta alichoweza. Namlaumu aliyekitazama akasema, "Safi, fungeni utepe."

WAKOLONI NAO HAWAKUTUULIZA

Sasa ngoja nikupeleke mjini, pale Posta, kwenye sanamu ya Askari. Umepita hapo mara ngapi? Ilizinduliwa mwaka 1927 na Waingereza kukumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kazi ni nzuri, tuseme ukweli. Lakini maelfu ya wapagazi walikufa vitani humo, wengi kwa njaa na maradhi. Nani aliwauliza wajane wao wangependa mume wao akumbukwe vipi?

Kabla ya Waingereza, jiji hili lilikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, yule ambaye majeshi yake yalimnyonga Abushiri kule Pangani Desemba 1889. Angalia ilivyopangwa: Wissmann amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika amewekwa akimtazama bwana wake kwa unyenyekevu. Wazee wetu walilazimika kupita mbele ya kitu kile kila siku. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, Ujerumani, mbele ya chuo kikuu. Na huko, mwaka 1968, vijana wa chuo, wenye umri kama wako, waliiangusha chini kwa kamba.

Kwa nini nakukumbusha haya? Kwa sababu sanamu na picha ya ukutani si urembo mtupu. Ni mtu mwenye nguvu anasimama barabarani anasema, "Hivi ndivyo mtakavyojiona." Mkoloni alijua hilo, ndiyo maana hakuuliza mtu. Sasa mkoloni kaondoka, na mtindo wa kutouliza kaurithi nani?

"TUNATAKA CHETI"

Kuna ujanja mwingine. Kijana wa mtaani akijitokeza anaulizwa cheti, anaulizwa kampuni, anaulizwa usajili wa BASATA, anaulizwa mashine ya risiti, anaulizwa kazi tatu za thamani fulani alizowahi kufanya serikalini. Shemeji haulizwi kitu.

Basi nikukumbushe habari za Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa kusini, kutoka Tunduru. Alifanya vibarua na kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya madukani, akauza kazi zake chini ya mbuyu pale Morogoro Stores, Oysterbay. Hakuwa na cheti. Hakuwa na kampuni. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1972, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Miaka minne! Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, watalii wanapanda ndege kuja kuununua, na wanafunzi wa wanafunzi wake wanalisha watoto kwa brashi. Ushirika wao uliandikishwa mwaka 1990 na mpaka leo jina la Tingatinga liko palepale Oysterbay.

Sasa mchukue Tingatinga wa mwaka 1968 umpeleke mbele ya kamati ya mtaa wako. Atapita? Hata mlangoni hafiki! Mlinzi atamuuliza, "Una miadi?" Nchi yetu ingekosa jina lake kubwa kuliko yote katika uchoraji kwa sababu ya bahasha ya khaki yenye fotokopi.

Na mwingine ni Godfrey Mwampembwa, yule Gado wa vibonzo. Kijana wa Dar es Salaam. Mwaka 1992 alikwenda Nairobi kuchorea magazeti ya huko, na Afrika Mashariki nzima ikamjua. Kipaji kisipoonewa haya nyumbani kitapanda basi.

Sisemi kila mchoraji wa mtaa ni hodari. Wapo wababaishaji, tena wengi. Wala sisemi mtaa umchague mtoto wa mtaa hata kama hajui kushika brashi, kwa kuwa hilo nalo ni ushemeji, tena ushemeji wa mtaa mzima. Ninachosema ni kimoja tu: kazi ipimwe, si mwenye kazi.

BINTI WA NAMBA 1026

Utaniambia haiwezekani, binadamu ana upendeleo. Mbona imewezekana?

Mwaka 1981 Wamarekani walitaka kujenga mahali pa kukumbuka wanajeshi wao waliokufa Vietnam, mjini Washington. Wakatangaza shindano la wazi. Michoro 1,421 ikaletwa. Majina yakafichwa, kila mchoro ukapewa namba. Waamuzi wanane wakapita wakitazama namba, hawajui hii ni ya profesa, hii ni ya kampuni kubwa, hii ni ya shemeji. Wakachagua namba 1026. Walipofungua bahasha wakakuta jina la Maya Lin, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 21. Hakuwa hata na leseni ya usanifu majengo!

Wakubwa walipiga kelele. Wengine walisema ukuta mweusi ni aibu. Wakashinikiza mpaka mwaka 1984 ikaongezwa karibu yake sanamu ya askari watatu ili kuwatuliza. Lakini ukuta wa binti yule, wenye majina ya wafu yaliyochongwa kwenye jiwe jeusi, ndio watu wanaousogelea, wanagusa jina la mtoto wao kwa kidole na kulia.

Jiulize: kama majina yangeandikwa juu ya ile michoro, mwanafunzi wa miaka 21 angeshinda? Tena mwenye sura na jina la Kichina, katika nchi iliyotoka kupigana Asia? Thubutu! Kuficha jina ni karatasi moja na gundi. Anayekataa kuficha majina anakuambia, bila kujua, kwamba jina ndilo analolitafuta.

"FANYA BURE, TUTAKUPA JINA"

Kuna wengine hawampi kazi shemeji, wanampa kijana wa mtaa, lakini kwa masharti ya punda. "Fanya bure, mdogo wangu, utajulikana." "Tutakununulia rangi na soda." Na rangi yenyewe ni ile ya bei ya chini, inapakwa kwenye ukuta ambao haujakwanguliwa.

Wewe uliyewahi kupaka rangi nyumba ya pwani unajua. Ukuta wetu unatoa chumvi. Usipoukwangua, usipouacha ukauke, usipopaka praima, rangi itavimba kama mgonjwa na masika ya kwanza itabanduka. Sanamu ya zege nayo ni hivyo hivyo: ukiweka nondo karibu na uso wa saruji, hewa ya bahari inazila, kutu inapanuka, sanamu inapasuka mkono. Fundi anajua haya. Lakini fundi asiyelipwa atafanyaje? Atapaka juu ya chumvi aende zake, na mwaka wa pili mtaa unasema, "Vijana wetu hawawezi kazi." Kumbe mlinunua kazi ya soda mkapata kazi ya soda.

Kuhusu ule msemo wa "mama mwenye ndoo si mali yako", hao waheshimiwa wakumbushwe kwamba nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mama mwenye ndoo ni wa wote, lakini mchoro wa mama yule, alivyogeuza shingo na mtoto alivyolala, ni wa aliyeuchora. Kuuchukua ni wizi, hata kama umechukuliwa na mtu mwenye mhuri. Na kama fedha ni za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga fungu la asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi ya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Mlisajili kikundi cha wachoraji mkauliza fungu lenu liko wapi? Au mnasubiri shemeji naye asajili kikundi cha vijana akiwa na miaka hamsini na tano?

NJIA IKO WAZI

Wakubwa hupenda kusema, "Ninyi kazi yenu kulalamika, toeni njia mbadala." Haya, chukueni, tena bure.

Kwanza, mkutano wa wakazi ukae kabla fundi hajatafutwa. Uamue ukuta gani, na picha iseme nini. Huenda mtaa unataka kukumbuka mafuriko, huenda unataka mabondia wake, huenda unataka bomba na foleni ya ndoo. Mfadhili anaruhusiwa kusikiliza.

Pili, tangazo libandikwe mwezi mzima kwenye ofisi ya mtaa, msikitini, kanisani, sokoni, kituo cha bodaboda na kwa kinyozi. Fedha ya kazi iandikwe humo kwa tarakimu. Penye kiasi kilichofichwa pana mtu aliyejificha.

Tatu, michoro iletwe na kupewa namba. Majina yakae kwenye bahasha iliyofungwa mbele ya watu. Anayeleta mchoro arudishiwe nakala iliyogongwa mhuri na tarehe, ili asije mwingine kuunakili kwa pikapu. Wale watatu watakaoingia fainali walipwe chochote kwa jasho lao.

Nne, michoro hiyo mitatu ibandikwe hadharani wiki moja, mtaa uitazame na kusema. Kamati iwe na mama lishe, mwalimu, mzee wa mtaa, kijana wa kijiweni, na mchoraji mmoja ambaye hagombei. Mwenye ndugu kwenye shindano atoke nje. Na kama kazi ni sanamu, uletwe mfano mdogo wa udongo. Watoto wa shule waulizwe, "Huyu ni nani?" Wakisema ni mwingine, rudini mezani.

Tano, mkataba uandikwe. Malipo kwa mafungu matatu: la kuanzia, la katikati, la kumalizia. Ndani yake kuwe na fedha ya kuandaa ukuta na ya kurudishia rangi baada ya masika. Jina la mchoraji liandikwe pembeni. Jina la mgeni rasmi likiandikwa, lisiwe kubwa kuliko la mchoraji.

Sita, na hapa nitasema lisilopendeza hata kwa wenzetu: ukuta wa mtaa usipakwe rangi za chama chochote, chao wala chetu. Mama mwenye ndoo hana kadi. Siku sisi tukishika mtaa tukaanza kupaka bendera yetu kwenye kila tofali, ikate makala hii, uje uibandike kwenye mlango wa ofisi yetu.

KIJANA, ULIKUWA WAPI?

Nimewasema wakubwa vya kutosha. Sasa zamu yako.

Mkutano wa mtaa ulipotangazwa kwa kipaza sauti, ulikuwa wapi? Mimi nakujua. Ulikuwa kibanda umiza, Arsenal inacheza, ukasema, "Wale wazee watajua wenyewe." Wazee wakajua wenyewe kweli! Watu kumi na saba walihudhuria mkutano ule wa mtaa wetu, wengi wao wakina mama, na mama mmoja aliuliza nani atachora. Akajibiwa kuwa hilo ni la kitaalamu. Hakuwepo kijana hata mmoja wa kusimama nyuma yake na kusema, "Jibu swali la mama."

Leo unapita pale unacheka vidole sita. Unapiga picha, unarusha kwenye simu, unapata vicheko mia mbili. Aliyekula anacheka zaidi yako, maana yeye anacheka akiwa ameshiba. Kicheko hakijawahi kumrudisha mtu fedha ya umma. Swali lililoulizwa mkutanoni, likaandikwa kwenye muhtasari, na jina lako chini yake, hilo linawanyima usingizi.

Ukisikia mtaani kwenu kuna ukuta, mnara, au sanamu inakuja, nenda ofisi ya mtaa ukaulize: fedha kiasi gani, tangazo liko wapi, michoro iko mingapi, nani anachagua, na nani kwao ana ndugu kwenye michoro hiyo. Uliza kwa adabu. Mpe mwenyekiti shikamoo yake. Kisha usiondoke mpaka ujibiwe.

Yule rafiki yangu bado anachora. Juzi nilimkuta kwa kinyozi anamalizia picha ya mteja anayenyolewa, kaweka mkono wa kinyozi umeshika mashine. Akanivuta karibu, akanionyesha kwa brashi: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. "Hesabu mwenyewe," akaniambia.

Nimehesabu. Na wewe nenda ukahesabu kwenu, kuanzia vidole hadi shilingi.